Danstan na Bunduki ya Tundu Dogo

Zamani mtu wa kijiji chetu cha Kibimba akimjeruhi ndege alimfuata mpaka ammalize, hata ikimchukua siku mbili, na leo anafyatua, anatema mate, anarudi kwenye simu yake.

Danstan alikuwa jirani yangu na mlinzi wa shamba la kikundi chetu cha wakulima. Tuliacha shule pamoja darasa la nne. Mimi nikaendelea kujisomea magazeti makuukuu ya Kiswahili na Kiingereza kutoka misheni ya Rulenge, yeye akaingia porini na baba yake. Mzee yule alikuwa na sharti moja: aliyemtoa mnyama damu hali chakula cha nyumbani mpaka amwone amekufa. Halikuwa jambo la uchawi. Alisema tu kwamba ni aibu wewe kula ugali huku kiumbe ulichokiumiza kinajikokota majanini. Danstan alilishika sharti hilo zaidi ya miaka hamsini, wala halikumsumbua, kwa sababu mshale wake ulikuwa na ncha pana na ndege alianguka pale pale alipopigwa.

Upinde ulipopigwa marufuku akawa mlinzi. Yeye na mkewe Avelina walikaa kwenye nyumba ya kikundi, pembeni mwa shamba la karanga. Mwaka juzi kanga wa porini walishuka kwa makundi ya arobaini, hamsini, wakafukua mbegu yote kabla haijaota. Mwenyekiti wetu, Aristides, alikuja mwenyewe shambani.

"Mzee Danstan, tunapanda mara ya pili. Na hii ikifukuliwa, tunatafuta mlinzi mwingine, na nyumba ataingia huyo."

Avelina alikuwa amesimama na jembe. Wengine tulitazama chini.

Kikundi kilipata kibali cha kuwapiga kanga kwa bunduki ya upepo, basi tukaenda Biharamulo watu watatu: Aristides, Danstan, na mimi msomaji. Mfanyabiashara mmoja kijana, Taufiki, alituwekea bunduki mbili mezani.

"Shikamooni wazee. Hii tundu la mtutu wake ni milimita nne na nusu. Hii, tano na nusu. Tofauti ni punje ya mtama, lakini wateja hugombana hapa mpaka chai inapoa."

Alipigilia vifuniko vitano vya soda kwenye ubao nyuma ya duka, akahesabu hatua arobaini. Ya tundu dogo ilitoboa vyote vitano. Ya tundu kubwa ilitoboa viwili, risasi nyingine zikaingia chini kidogo. Aristides alipiga makofi. Danstan hakuwa akitazama ubao. Alikuwa amefungua makopo mawili ya risasi, ameweka risasi moja kila kiganja, anazipima kama mtu anayenunua dhahabu.

"Mwenyekiti, tuchukue hii ya risasi nzito."

"Nzito imekosa vifuniko vitatu, mzee. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Lakini kifuniko hakina mbavu. Ukikitoboa hakikimbii."

Taufiki alicheka. "Mzee wangu, unataka kuwapiga kanga risasi au ngumi?"

"Nataka nimpige mmoja, aanguke huyo huyo. Hii risasi ndogo itapita kama sindano kwenye kitambaa. Na mimi sipigi kwa hatua arobaini, mwanangu. Nitatambaa mpaka ishirini."

"Si umpige kichwani?"

"Umewahi kumwona kanga ametuliza kichwa?"

Aristides alinigeukia. "Wewe ndiye unayesoma. Karatasi inasemaje?"

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma kwa sauti, nikiifasiri, na sitaficha kwamba nilifurahi kusikilizwa. Ilisema bunduki ya tundu dogo ina kasi zaidi, inapiga kwa kunyooka, na hata risasi zake ni za bei nafuu. Yote yalikuwa kweli.

"Basi," alisema Aristides, "karatasi na ubao vimesema kitu kimoja."

Tukarudi na ile ya tundu dogo. Nyumbani nilichukua kamusi nikasoma na upande wa nyuma wa karatasi. Kule, kwa herufi ndogo, waliandika: tundu dogo kwa shabaha, tundu kubwa kwa windo. Nilikaa kitandani kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Watu waliotengeneza kitu kile walisema maneno yale yale ya Danstan, ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, na mimi ndiye niliyemshinda. Nilimwendea Aristides asubuhi.

"Upande wa mbele uliusoma mbele za watu," aliniambia, "wa nyuma unaniletea jikoni kwangu? Bunduki imeshanunuliwa, mzee."

Tukapanda. Siku ya tatu Danstan alimpiga kanga mmoja ubavuni, kwa hatua ishirini kama alivyosema. Yule ndege aliruka juu kidogo, akatua, akakimbia. Danstan alimfuata mpaka saa nane mchana akampata chini ya kichaka. Kesho yake mwingine, na kesho kutwa mwingine. Kila mara aliondoka bila kula, na Avelina akabaki peke yake akipiga debe kuwatisha kanga. Alipopiga upande wa juu, kanga walishuka upande wa chini. Nilikwenda kumsaidia siku mbili. Kanga wale walitupima akili, wakatuona wepesi.

"Mwambie mwenzio awaache wafie huko," Avelina aliniambia. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mimi hanisikii."

Nilimwambia. Alinijibu akiwa anafunga kamba ya kiatu. "Nimwache nani? Yule niliyemtoboa mimi?"

Wiki ya pili alilipiga dume kubwa asubuhi na mapema, nalo likashika njia ya mabondeni. Danstan hakurudi siku ile. Hakurudi na siku iliyofuata. Siku ya tatu nilipofika shambani, mistari yote ya upande wa chini ilikuwa imefukuliwa, mashimo kwa mashimo, na Avelina amekaa juu ya debe lake lililobonyea.

Mkutano uliitishwa siku hiyo hiyo. Katikati ya maneno Danstan akaingia, midomo imepasuka kwa kiu, akaliweka lile dume chini mbele ya mwenyekiti. Alifunua manyoya kwa kidole. Tundu upande huu, tundu upande ule, dogo kiasi kwamba hata njiti ya kiberiti ingeingia kwa shida.

"Limetembea hivi siku mbili," alisema.

Halafu Adelfina, mweka hazina wetu, mama mwenye heshima zake, akauliza, "Sasa kwa nini hukuliacha?"

Niliangalia nyuso. Hakuna aliyeshtuka kwa swali lile. Watu thelathini, wote wajukuu wa wawindaji, walikuwa wakimtazama Danstan wakisubiri jibu, kwa sababu kweli hawakulijua. Nilifungua mdomo nieleze habari ya upande wa nyuma wa karatasi, nikasikia watu wakinicheka kabla sijafika nusu. Mikono ya kumwondoa Danstan ilinyanyuliwa. Nilihesabu ishirini na sita.

Mlinzi mpya aliitwa Shibuda. Yeye alifyatua kutwa nzima na hakutoka shambani hata hatua moja, na karanga chache zilizobaki ziliota. Aristides alimsifu. Sisi wengine tukaanza kuwaona kanga wenye bawa linaloning'inia wakivuka njia ya kwenda kisimani.

Mara ya mwisho kuwaona Danstan na Avelina ilikuwa barabarani, wamekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye lori linalokwenda Biharamulo, kwa kaka yake Avelina. Nilimsalimu shemeji, akanijibu kwa kichwa. Danstan aliinama kunipa mkono.

"Yule aliyepigwa jana karibu na maharage ya Adelfina," aliuliza, "mmempata?"

"Hakuna aliyemtafuta."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akashuka, mguu mmoja kwenye gurudumu, mwingine chini. Dereva alipiga honi, akafoka kwamba hamsubiri mtu. Avelina aliita mara mbili, akatupa furushi la nguo chini, naye akateremka. Lori likaondoka. Danstan alikuwa tayari mbele, ameinama kwenye maharage ya Adelfina, anayatenganisha kwa mikono akimtafuta yule ndege, na mkewe nyuma yake hatua kumi, furushi kichwani, akitazama upande wa kushoto.