Ameenda Majini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaoshika simu hata mkila, iwekeni chini kidogo. Mimi sikusoma sana. Nitawaambia nilichoona, basi.

Ilikuwa msimu wa mvua, alasiri, hapa Mumbuni. Ukungu ulikuwa umefunika milima yote, nyumba ikawa kama imekaa ndani ya wingu. Nilikuwa nachambua mbaazi na redio inaongea pole pole. Mjukuu wangu wa kike husoma habari katika stesheni moja hapa mjini. Mimi humsikiliza nusu nimelala, sauti yake ikinijia kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Mkaza mwana wangu akaingia na simu. "Mama, mto umejaa kule Kivaa. Wanasema umembeba dada yako."

Ungo ulibaki magotini. Kati yetu tuliozaliwa nyumba moja, tumebaki dada huyo na mimi tu. Nilitazama ule ukungu nikamwona akiwa msichana, ukanda wa mtungi umemkaza paji la uso, anatembea mbele yangu bila kugeuka. Mimi nafuata nyayo zake mchangani. Na nyayo zenyewe zinajaa maji.

Stesheni nyingine ikamtangaza amekufa, jina lake na la baba yetu. Majirani wakaanza kuja na sukari. Viti vikatolewa, turubai likafungwa. Kwenye stesheni ya mjukuu wangu tukasikia habari za barabara, tukasikia za mahindi, kisha akasema, "Kuna habari inazunguka kutoka Kivaa. Hatujampata mtu aliyeona. Tukimpata, mtasikia."

Jirani mmoja akacheka kwa pua. "Wenzake wameshatangaza. Huyu wenu bado anatafuta miwani!"

Nikampigia simu kwa hasira. "Niambie, bibi yako, susu wa Kivaa, yuko hai ama amekufa?"

"Susu, sijui."

"Na wenzako wanajua!"

"Wenzangu wameambiwa. Nikisema amekufa na hajafa, susu, nitamfufua na nini?"

Nikamkatia. Niliona ni ukaidi wa mtoto aliyesomeshwa, ananinyima hata ruhusa ya kulia. Nikarudi kukodolea ukungu macho. Dada yangu alikuwa bado anatembea.

Baadaye alinieleza alivyofanya. Kila aliyemletea habari ile alimwuliza, "Wewe ulimwona?" Akisema hapana, anamwuliza aliambiwa na nani. Alirudi nyuma hivyo, mtu kwa mtu, mpaka akafika kwa mnunuzi wa mbaazi wa hapa mjini, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Mtu mwema, hakudanganya. Alikuwa amempigia dada yangu kuuliza kama mbaazi ziko tayari. Mkaza mwana wa kule akaipokea ile simu, akasema, "Mama ameenda majini."

Sasa kwetu Ukambani, kwenda kiw'uni, yaani majini, ni kwenda kuteka maji. Lakini yule mnunuzi, Kiswahili chake ni cha pwani, na alikuwa ameshasikia mto umejaa. Aliposikia majini, alimwona mama wa watu anazama. Akamwambia mwenzake kwa huzuni, na ile huzuni ikatembea mji mzima.

Mjukuu wangu alilijua neno hilo, lakini hata hapo hakukimbilia kutangaza kwamba yuko hai. Kudhani vizuri bado ni kudhani. Alingoja dada yangu mwenyewe aongee.

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu, anahema. Maji ya mto yalikuwa matope matupu, kwa hivyo alikuwa amepanda mpaka chemchemi ya mlimani, simu ameiacha nyumbani, na sasa ndio anarudi.

"Ni nani ameniua na mimi nimebeba mtungi?" akafoka. "Na nasikia mmeshaanza kunywa chai yangu ya matanga!"

 Redioni mjukuu wangu alikuwa anasema, kwa sauti ile ile, kwamba mama wa Kivaa yuko hai na yeye ameongea naye mwenyewe. Ukungu haukuondoka siku hiyo. Lakini yule msichana wa mtungi aligeuka akanitazama.

Nikajifuta uso, nikasimama mlangoni.

"Rudisheni viti. Kila mtu abebe sukari yake. Na kuanzia leo, hapa kwangu, mtu akileta habari ya kifo mwulizeni kwanza: wewe uliona? Akisema aliambiwa, mpeni ungo achambue mbaazi, anyamaze."