Betri ya Lori na Anwani ya Nyumbani

Nilikuwa karani wa uwanja wa mbao Makambako, na nyumbani nilikuwa na intaneti ya waya wa simu. Ilikuwa ile miaka soko la mbao lilipofunguka na wanunuzi wa miti wakajaa Njombe. Umeme ulikatika ovyo, kwa hiyo modemu yangu niliiunganisha na betri ya lori. Haikuzimika kamwe, nami nilijivunia hilo.

Jioni niliandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni kwa jina la kubuni. Nilieleza jinsi tajiri wangu alivyonunua miti ya wajane wa kijiji cha Yakobi ingali imesimama, kwa kukisia kwa macho, halafu sisi uwanjani tukazipima mbao kwa futi, na tofauti ikawa faida yake. Sikujua kwamba chini ya kila andiko jukwaa liliweka anwani ya IP, namba inayoonyesha andiko limetoka kwenye muunganisho upi. Msomaji mmoja alipouliza kama kuna anayeitambua, nilimwandikia mwenye jukwaa haraka. Naye alikubali kunifutia maandiko ya zamani. Ilibaki kubadilisha anwani, nipate kuendelea kuandika bila kupoteza kazi.

Nikamwita fundi kutoka Njombe. Tulisoma naye sekondari, na kanisani tuliimba besi pamoja. Kwetu humwombi mtu msaada ukamficha sababu, ni kumdharau. Basi baada ya salamu ya kamwene na chai nikamweleza yote: jina la kubuni, wajane, tajiri. Akaingia chumbani peke yake, akakaa kitambo, akatoka na anwani mpya kwenye kikaratasi.

"Sasa umekuwa mtu mwingine," akasema, tukacheka.

Wiki haikuisha tajiri akaniita. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha habari za jukwaa. Nikakana.

"Mzee, usijichoshe," akasema kwa upole. "Namba ya zamani ninayo, na hiyo mpya ninayo."

Akanisomea zote mbili. Nikakabidhi funguo za stoo.

Nilikwenda Njombe kumwuliza fundi. Nilimkuta kwenye kibanda chake akikunja nyaya za ofisi ya tajiri. Alikuwa amepewa kazi ya kuifungia mtandao. Hakukana. Alisema ana watoto, kana kwamba mimi sina.

"Ungeniambia nibadilishe namba tu, kaka. Hayo mengine ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa kwa sababu ni wewe."

Aliendelea kukunja nyaya.

Alisema kweli, na mpaka leo sijamsamehe. Nilisema mengi kuliko kazi ilivyodai, na nilikula mshahara wa mtu huku nikimwandika gizani. Hayo ni yangu. Lakini alikuwa na chai yangu tumboni alipokwenda kwa tajiri.

Mshahara ulipokoma niliuza ile betri. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, nikawasha kompyuta na kukuta anwani ni nyingine. Ukakatika tena, ikabadilika tena. Kumbe ndicho alichokifanya chumbani: alichomoa waya wa betri, modemu ikazimika, akangoja, akaurudisha. Wenzangu wachache wenye intaneti pale mjini walikuwa wakipata anwani mpya kila umeme ukikatika, bila kumweleza mtu chochote.

Sikuandika tena jukwaani. Huko Yakobi miti iliendelea kununuliwa kwa macho.