Mikono Mitupu ya Ukurasa wa Mwisho

Tulihama Yaeda Chini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wetu. Mume wangu akasema tuje Bashay, tulime kama watu wa huku. Binti yetu Hilaria akaanza shule. Sisi ni Wadatoga, na darasa zima ni Wambulu. Alivaa bangili mbili za shaba nilizomvalisha mwenyewe, na kila asubuhi walimuuliza, kwa jina la kutudharau Wadatoga, "Wewe Mang'ati, leo ng'ombe umemfunga wapi?"

Ndipo Mwalimu Frida, aliyeletwa hapa kutoka mkoa mwingine, akaja nyumbani.

"Shikamoo, mama. Natunga kitabu cha picha cha mtoto mgeni shuleni, ili wenzake wajifunze kumpokea. Nisimulie."

Nikampa maziwa ya kununua. Nikamsimulia yote, hata walivyokataa kukaa dawati moja na mwanangu.

Kitabu kilipotoka, Hilaria alikileta. Sijui kusoma, lakini picha naziona. Mwanzoni mtoto ana bangili, analia peke yake. Katikati anazivua. Mwishoni mikono ni mitupu na wenzake wamemzunguka, wanacheka.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Hayumo," alisema Hilaria.

Nilimfuata Frida shuleni. "Mwalimu, sikukuambia kwamba alizivua."

"Ni hadithi tu, mama. Watoto wanapenda mwisho mzuri."

"Basi chora wenzake wakimwomba wazijaribu."

"Kimeshachapwa, mama."

Jioni ile Hilaria alivua bangili zake, akaziacha kwenye kigoda.

"Kesho tunakisoma mbele ya wazazi," alisema bila kunitazama. "Mama, ukija, njoo bila zako."

Zangu nilivalishwa nikiwa msichana. Sasa hazipiti kiganjani. Nilijaribu kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Nikaenda na sweta la baba yake, lenye mikono mirefu, na jua linawaka.

Hilaria alikuwa kwenye dawati lililojaa, amebanwa katikati ya wenzake. Waliposoma ukurasa wa mwisho, wazazi wote walipiga makofi. Frida akanitazama, anatabasamu, anangoja. Jirani yangu Mama Pascal akanigusa kiwiko.

"Piga basi. Si ni hadithi ya mwanao?"

Nilibana mikono mapajani. Ningepiga, bangili zingelia, na Hilaria angesikia.