Mama Niliyempita Koridoni

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja kisiwani Mombasa. Asubuhi moja mama kijana alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akafariki mikononi mwangu. Mtoto alipona. Daktari aliniambia sikukosea popote, lakini tangu siku ile kila kazi niliirudiarudia. Nilimpima mgonjwa presha mara tatu, nne, nisiamini macho yangu. Nyumbani Ganjoni nilizima jiko, nikashuka ngazi, nikapanda tena kulitazama. Mume wangu akinisemesha, nilimjibu kwa ukali kisha nikajifungia chooni nikalia.

Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, mtu wa bara asiyejua kubembeleza, aliniona nikiangusha trei ya sindano. Nilingoja kugombezwa. Badala yake aliniandikisha mafunzo ya kupunguza wasiwasi, kila Jumanne alasiri.

Tulikuwa wauguzi wanane, na mwalimu alikuwa nesi mstaafu. Alitwambia tukae wima, tufumbe macho, tufuate pumzi ikiingia na kutoka. Wazo likija, tulione tu na kuliacha lipite. Wenzangu walitulia, mmoja hata akakoroma. Mimi kila nilipofumba macho nilimsikia mama mzazi wa yule marehemu akiniuliza koridoni, "Mwanangu yuwapi?" Siku ile nilimjibu, "Msubiri daktari, mama," nikampita mbio.

Jumanne ya tatu nilishindwa, nikatoka. Mwalimu alinifuata verandani.

"Usifumbe macho," alisema. "Tazama ukuta. Zisikie nyayo zako sakafuni. Sasa nambie, una nini?"

Nikamweleza.

"Hilo pumzi peke yake haitalimaliza. Wajua anakokaa mama huyo?"

Nilijua. Ilinichukua wiki mbili kufika kule Mji wa Kale. Mlangoni nilisimama nikazisikia nyayo zangu kama nilivyofundishwa, na bado moyo ulikwenda mbio. Nikapiga hodi. Alitoka na mjukuu begani.

"Wewe ndiwe uliyenipita," akasema.

"Ndimi, mama."

"Mbona hukunambia wewe?"

"Niliogopa."

Akanikaribisha ndani. "Mwanangu alisema neno?" akauliza.

"Aliuliza mtoto ni mume au mke. Nikamwambia ni mke. Akatabasamu."

Hapo mama alinikabidhi mtoto, akageukia ukutani, akajifunika leso usoni, akalia. Nilikaa na yule mtoto mapajani, nikasikiliza tu anavyopumua. Mama hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Aliponisindikiza aliniambia mtoto hunyonya chupa kwa tabu, nikamwonyesha jinsi ya kumshika.

Mafunzo niliyamaliza, macho wazi, na usingizi ukarudi kidogo kidogo. Lakini kila damu ilipomwagika sakafuni kifua kilinibana vilevile. Mwaka ulipoisha niliomba kuhamishiwa kliniki ya macho. Wenzangu walisema nimeshindwa na kazi. Sikubishana nao.