Sabuni ya Sinema na Mabega ya Dada Mwanaidi

Jambo zima liligharimu vipande vinne vya sabuni, tiketi tano za sinema, kuku mmoja aliyekuwa bado anataga, na ngozi ya mabega ya dada yangu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimemwonea huruma kuku. Harufu ya mambo hayo ninayo puani mpaka leo. Upande mmoja liwa, ule mti wa manukato unaosagwa jiweni kwa marashi, harufu ya watu wazima na siri zao. Upande mwingine sabuni ya waridi iliyofungwa kwa karatasi yenye picha ya mwanamke, harufu iliyonifanya niamini kwamba huko ilikotoka hakuna samaki wala mtu anayetoka jasho. Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Ngamiani, mjini Tanga, katika ile miaka ya hamsini, na dada yangu Mwanaidi alikuwa anaolewa.

Wiki mbili kabla hajawekwa ndani, Mama alituchukua sinema mimi na dada, Jumapili alasiri, onyesho la wanawake peke yao. Ukumbi ulijaa mabuibui, watoto wachanga, na maganda ya karanga. Kabla ya picha yenyewe likaja tangazo. Mwanamke wa Kizungu alikuwa anaosha mabega katika povu jingi kama tui la kwanza likitokota. Sauti ya mwanamume ikasifu ngozi yake kutoka humo humo bafuni, wala hakuna aliyemfukuza. Kisha yule mwanamke akavaa, akapita njiani, akageuza shingo polepole akatazama nyuma juu ya bega, na bwana mmoja mwenye tai akaangusha kofia. Basi. Kwa muda wa kumenya chungwa moja, limekwisha. Picha yenyewe ilichukua saa tatu na watu walilia, lakini mimi sikumbuki hata nani alikufa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa nimeona kizuri kinachojitembeza, na methali ikanikwama kooni.

Usiku, kitandani, dada akaniambia, “Tatu, bwana harusi huenda sinema kila Jumamosi. Atanilinganisha na yule.” Bwana harusi alikuwa karani bandarini, na dada alikuwa amemwona mara mbili tu, zote kwa mbali. Nilimwambia yule wa sinema hakuwa mchumba wake. Akanijibu, “Macho hayana pazia, mdogo wangu.” Kuanzia hapo hofu yake ikawa moja: kwamba siku ya kufunuliwa shela, mume atatafuta yale mabega na hatayakuta.

Kwetu, mwali huandaliwa na somo wake siku saba. Somo ndiye aliyemfunda tangu alipovunja ungo, na ndiye anayemsinga kwa liwa, manjano na mafuta ya nazi mpaka ngozi ing'ae. Somo wa dada alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kukatia mkaa. Akaanza Ijumaa. Dada alitulia akasingwa, kisha kila Bi Zuhura alipoondoka, alijifungia uani na kuiosha kazi yote kwa sabuni ya sinema, ambayo mnunuzi wake nilikuwa mimi.

Sabuni hiyo ndiyo iliyonishinda dukani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilikuwa najulikana mtaa mzima kwa kupunguziwa bei. Hata chumvi niliombea nyongeza. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Hii haipungui, mwanangu. Hii ni ile ya picha.” Nikalipa bei nzima. Nilitoka nje nikijiuliza ni lini tulipatana bei, maana nilihisi kabisa kwamba patano lilikwisha kufanyika, gizani, mimi nikiwa nakula karanga.

Sasa, kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvi, kama visima vingi vya mtaa ule, na sabuni ile haikupenda chumvi. Haikutoa povu. Ilitoa utando wa kijivu kama mchuzi uliolala. Dada, badala ya kulaumu maji, alijilaumu mwenyewe: hasugui vya kutosha. Akasugua kwa dodoki. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha nne kikafika nusu, akitafuta povu. Jumapili asubuhi mabega yalikuwa mekundu na yanabambuka kama kitunguu.

Bi Zuhura aliinua kanga, akanusa, akaishusha. “Mama Mwanaidi! Njoo unionyeshe mwanao, maana huyu niliyemkuta hapa simjui.”

Mama alipoona, alijishika kichwa. Dada akalia, akaeleza yote, na mimi nikatajwa.

“Kwa hiyo kazi yangu mchana, kazi ya yule Mzungu jioni,” alisema Bi Zuhura, akifunga jiwe lake la liwa ndani ya kitambaa. “Basi mwiteni aje kummalizia. Mwambieni aje na povu lake.” Akajitanda buibui, akaondoka.

Kwa mgeni hilo lingekuwa jambo dogo: tafuta somo mwingine. Lakini somo hagusi mwali wa mwenzake. Angetengwa na wote. Na mwali aliyeachwa na somo wake katikati ya siku saba hatoki. Upande wa mume ungeuliza kuna nini, na jibu lolote lingekuwa baya. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Mama akanitwisha kuku. “Wewe ndiwe uliyeleta sabuni. Kamrudishe somo.”

Nilimkuta Bi Zuhura barazani. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kuku huyo anataga?”

“Anataga.”

“Basi mfunge pale. Mimi bado nimekasirika.”

Nikamwambia dada analia tu, na hajala tangu asubuhi. Nikamwambia ile sabuni nusu nitaitupa baharini mbele yake. Akashusha sauti. “Huyo mwanamke, leo yupo?”

“Nani, bibi?”

“Huyo mwenye mabega, we mtoto! Nimefunda wanawali miaka thelathini. Nitashindana na mtu nisiyemwona?”

Alasiri hiyo tulikuwa sinema, mimi na yeye. Tangazo lilipokuja aliegemea mbele. Povu likajaa, yule mwanamke akasimama akajifunga taulo, na Bi Zuhura akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: “Hajasuuza!” Wanawake wakaangua kicheko. “Na maji hayo kayateka kisima gani?” Sauti nyingine gizani ikajibu, “Cha mumewe!” Lakini shingo ile ilipogeuka, Bi Zuhura alinyamaza. Nilimwona midomo inatembea, kama mtu anayehesabu mishono.

Alirudi kwa dada jioni ile. Siku mbili alimkanda kwa tui tupu, siku ya tatu ndipo akarudia liwa. Alhamisi mabega yalikuwa yametulia. Akamsimamisha dada katikati ya chumba. “Shela likifunuliwa, usitazame chini kama mwizi. Geuka hivi.” Akageuza shingo polepole, juu ya bega. Mama na mimi tulitazamana. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Baada ya mwezi dada alimuuliza mumewe, kwa mzunguko, kuhusu yule mwanamke wa sabuni. Shemeji hakumjua. Yeye alipenda picha za ngumi, na wakati wa matangazo hutoka nje kununua karanga.

Siku hizi nyumbani kwangu hakuna haja ya tiketi. Wajukuu wanatembea na sinema mikononi, na matangazo hayangoji picha ianze. Yanakuita hata ukiwa unaosha vyombo. Zamani lilikuwa tangazo moja kwa wiki, tukalitafuna wiki nzima, tukalizomea pamoja gizani. Sasa kila mmoja anatazama lake peke yake, na sijasikia mtu akiiambia simu yake kwamba hajasuuza. Sisemi zamani tulikuwa werevu. Mabega ya dada yanakataa. Nashangaa tu.

Na sasa mjukuu wangu wa Raskazone, anayeuza liwa kwenye vikopo, anataka kunipiga picha za video. Niketi, nitabasamu, niseme hii ndiyo siri ya ngozi yangu. Ngozi yangu ina miaka themanini kasoro na siri yake ni kukaa kivulini. Nimemwambia nitafikiri. Kusema kweli nimekwisha kujaribu kutabasamu mbele ya kioo, mara mbili, na sikuchukia nilichokiona. Lakini sijui uso wa bibi kizee huuzwa kwa bei gani, wala kama ukishauzwa unabaki wa nani. Anayejua, naomba aniambie kabla ya Jumamosi, maana kijana amesema atakuja na taa.