Mji wa Tetekuwanga

Mtunza panya wa maabara huingia na baridi ya Harrow ya Uzunguni mwilini, akasugua viganja mpaka vipate moto, ndipo avae glavu na kumshika mnyama. Panya hao wamedungwa virusi vya ndui kutoka miji mbalimbali ya Afrika, ijulikane vya wapi ni vikali zaidi. Kila asubuhi husoma hali zao kwa sauti ya Kiunguja isiyopanda wala kushuka: "Kafa. Kafa. Mzima." Ila kizimba cha tisa, wiki ya tatu sasa, hafi hata mmoja.

"Umekosea kudunga," daktari alimwambia jana, mbele za watu.

Mikono hii? Mtunza panya aliomba kadi iliyokuja na chupa ya virusi, akaisoma, akacheka mpaka akashika meza. Pahala pa jina la mji, karani wa huko Afrika alikuwa kaandika: Tetekuwanga.

"Daktari, huu si mji! Ni maradhi mengine, ya watoto. Mie mwenyewe nimeyaugua. Si ndui hata kidogo."

Daktari akawa mwekundu, akaiendea ramani ukutani, akachomoa pini ya "mji" huo aliyoichomeka kando ya Ziwa Tanganyika. Mtunza panya akarudi kwenye kizimba cha tisa, akasoma kwa sauti iliyofika hadi ngazini:

"Wazima! Wote!"