Mkono wa Bingwa

Enzi zake, Jairus Gitonga alipopanda ulingoni, Wakenya wa Minneapolis waliimba jina lake hata kabla kengele haijalia. Alishinda mapambano kumi na manne mfululizo, kisha akaanza kupigwa. Kocha alimwambia aache, akamjibu, “Acha wewe!” Akaendelea miaka sita, kichwa kikigeuzwa ngoma.

Sasa anahudumia wazee kwenye makao huko Fridley, na njia ya kanisani imeanza kumpotea. Jumapili moja mkewe Lois, ambaye ni nesi, alimkalisha jikoni.

“Baba Njeri, nitakupa maneno matatu, halafu baadaye unirudishie.”

Jairus alicheka kwa dharau. Kazini aliwasikia wazee wakipewa mtihani huo wa kumbukumbu kila wiki: kijiko, paka, dirisha. Aliyajua maneno hayo kama jina lake.

“Mvua, kisu, kanzu,” Lois alisema, akampa karatasi achore saa. Alipomaliza kuichora, akamuuliza, “Haya, yalikuwa yapi?”

“Kijiko, paka, dirisha!” Jairus akarusha ngumi juu kama siku zile.

Lois akaushika mkono huo, akaushusha polepole mpaka mezani.